Siti binti Saad, Bibi wa Santuri za Kwanza

Na Mwandishi Wetu, RAMISI

Siku hizi kikundi cha muziki kikitoa albamu yake ya kwanza, habari huenea siku hiyo hiyo. Kijana wa Ramisi, wa Msambweni au wa Diani hubonyeza simu yake, na wimbo akausikia kabla chai yake haijapoa. Lakini ni wachache kati ya vijana wetu wajuao kwamba mwimbaji wa kwanza wa Kiswahili ambaye santuri zake zilivuma katika pwani hii yote alikuwa mwanamke. Na wachache zaidi wajuao kwamba mwanamke huyo alizaliwa katika daraja ya chini kabisa, akapewa jina la Mtumwa.

Huyo ndiye marehemu Siti binti Saad wa Unguja. Maisha yake yafaa kuelezwa tena, wala si kwa ajili ya nyimbo peke yake. Yanagusa swali ambalo sisi watu wa pwani twaulizana hadi leo, hasa posa zinapoletwa na koo zinapohesabiwa: heshima ya mtu hutoka wapi? Je, hutoka katika nasaba yake, au katika kazi na mwenendo wake?

MTOTO WA FUMBA

Alizaliwa mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi, na mama yake asili yake Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka wa 1873, kwa mkataba aliotia sahihi Sayyid Barghash bin Said. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Amri ya kuuondoa haikutoka mpaka mwaka wa 1897, na hata baada ya hapo jina la utumwa liliendelea kuwaandama watu na watoto wao. Ndiyo maana binti wa Saad aliitwa Mtumwa tangu utotoni, na hapana mtu aliyeshangaa.

Shule hakusoma. Elimu aliyoipata nyumbani ilikuwa ya mikono, yaani ufinyanzi: kuchimba udongo, kuukanda, kuufinyanga chungu au mtungi, kuuanika na kuuchoma. Kisha ilikuwapo kazi ya pili iliyo ngumu kuliko ya kwanza, nayo ni kuuza. Binti huyu alijitwika vyungu kichwani akaenda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, mpaka mjini, akiimba njiani ili wanunuzi wajue kwamba amefika. Akina mama majumbani waliijua sauti yake kabla hawajaiona sura yake. Hivyo sauti ilimsaidia kupata riziki hata kabla hajafikiri kuwa mwimbaji.

KUHAMIA MJINI

Mwaka wa 1911 aliondoka shamba akahamia mjini kutafuta maisha bora. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa kama miji miwili iliyotengwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na upande wa pili Ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti, walikokaa mafundi, wachukuzi, wavuvi na waliokuwa watumwa zamani.

Taarabu ilikuwa mali ya upande wa kwanza. Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki wa huko, ili auchezeshe katika kasri. Mwaka wa 1905 iliundwa klabu ya Nadi Ikhwani Safaa, na wanaume wa mjini wakakutana humo kupiga udi, kanuni na fidla. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji wao walikuwa watu wa nafasi. Mfinyanzi wa Fumba hakuwa na kiti katika baraza hiyo.

Bahati yake ilikuwa kukutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa klabu hiyo, ambaye aliisikia sauti yake akatambua kwamba si sauti ya kupotea njiani pamoja na vyungu. Alimfundisha namna ya kuimba pamoja na ala, na matamshi ya Kiarabu. Hatimaye akajiunga na wapigaji hodari waliokuja kuwa kikundi chake: Subeit Ambar, Budda Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, ambaye asili yake ilikuwa Mombasa.

Katika miaka hiyo ndipo alipobadilishwa jina. Mtumwa akawa Siti, jina la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Msomaji na alitazame jambo hilo vizuri. Jina la kwanza lilitokana na hali aliyozaliwa nayo. Jina la pili alilichuma mwenyewe.

WENYE KIJICHO

Si wote waliofurahi. Alipoanza kuitwa katika majumba ya matajiri, na hata katika kasri ya Sultani Khalifa bin Harub, walitokea watu wa kumtungia nyimbo za kejeli. Walimkumbusha kwamba jana tu alitoka shamba, ati na leo anajifanya mtu. Wengine waliusema vibaya uso wake, wakidai hana uzuri wa kustahili sifa anazopewa.

Siti hakutukana. Alijibu kwa njia aliyoijua, yaani kwa wimbo, akieleza kwamba si sura inayomfanya mtu awe mtu, bali akili na mwenendo wake. Kwa Mwislamu jambo hilo si geni, maana dini yetu yafundisha kwamba aliye bora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumcha, awe wa ukoo gani. Lakini kulijua fundisho ni jambo moja, na kulikubali linaposemwa na binti wa Fumba mbele ya watu wakubwa ni jambo jingine.

SAFARI YA BOMBAY

Ilipofika mwezi wa Machi 1928, kampuni ya HMV, ile ambayo santuri zake zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikichukua kikundi hicho hadi Bombay, Bara Hindi, kwenda kurekodi. Wakasafiri kwa bahari.

Kurekodi kwa siku zile hakukuwa kama kwa leo. Hapakuwa na kufuta kosa wala kukata kipande na kuunga. Mwimbaji na wapigaji walikaa pamoja mbele ya chombo kimoja, na sauti ikachongwa katika nta wakati ule ule wakiimba. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Tena upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu. Taarabu ni muziki usio na haraka. Beti hurudiwa, wasikilizaji hutunza, na usiku hukua. Siti na wenziwe walilazimika kuukaza wimbo mrefu uingie katika dakika hizo bila ya kuvunja maana yake.

Waliweza. Santuri zilipofika madukani zilinunuliwa kwa wingi, kikundi kikaitwa kurekodi tena, na kampuni nyingine zikaingia mbio, zikiwemo Odeon na Columbia. Kati ya 1928 na 1930 kikundi hicho kilirekodi nyimbo zaidi ya 250. Hadi kufikia 1931, santuri zake zipatazo 72,000 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Hesabu hiyo si ndogo ukikumbuka hali ya wakati huo. Gramafoni ilikuwa kitu cha mwenye uwezo, lakini moja ilitosha kwa mtaa mzima. Watu walikusanyika kwenye mikahawa na barazani wakasikiliza pamoja. Redio ya Kiswahili ilikuwa bado haijafika pwani.

Kwetu kusini ya Mombasa, mambo nayo yalikuwa yakibadilika. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka wa 1927, mwaka mmoja tu kabla ya safari ya Bombay, na miwa ikaleta watu wa makabila mbalimbali mahali pamoja. Vanga, Shimoni na Wasini zilikuwa na biashara ya majahazi na Pemba na Unguja tangu zamani, na ukanda huu wote ulikuwa chini ya bendera ya Sultani yule yule. Katika pwani ya namna hiyo, wimbo wa Kiarabu ungefahamika kwa wachache. Wimbo wa Kiswahili ulifahamika kwa Mdigo, kwa Mvumba, kwa Mshirazi na kwa mgeni wa bara aliyekuja kukata miwa.

NYIMBO ZA MAMBO YALIYOTENDEKA

Wala hakuimba mapenzi peke yake. Kikundi chake kilikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakazungumza habari za mji, na habari hizo zikawa nyimbo. Mashuhuri kati ya hizo ni ule uitwao Kijiti, kwa jina la mtu aliyemwua mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam. Mwuaji alikimbilia bara akaokoka, na waliotiwa hatiani ni wanawake wawili waliokuwa mashahidi. Wimbo huo uliwafanya watu waulize haki imekwenda wapi, nao ulitoka kwa mwanamke ambaye hakuwa na cheo chochote mahakamani. Nyimbo nyingine ziliwaumbua waliotumia kalamu kuwadhulumu wasiojua kusoma.

Kuhusu muziki wenyewe, wanazuoni wetu wana kauli zao, na kila mmoja na amfuate anayemwamini. Lakini hata asiyependa udi hawezi kukana kwamba kumsemea aliyedhulumiwa ni jambo jema.

SIKU ZA MWISHO

Msukosuko wa uchumi duniani uliipunguza biashara ya santuri katika miaka iliyofuata. Siti aliendelea kuishi Unguja, na karibu na mwisho wa maisha yake alizungumza na mwandishi Shaaban Robert, jirani yetu wa Tanga, aliyeandika habari za maisha yake. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, na wasifu huo ukachapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1958. Hivyo binti ambaye hakusoma shule akawa somo katika kitabu cha bingwa wa lugha yetu.

Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alizijua nyimbo za Siti kwa kumsikiliza. Mwaka wa 1988 waandishi wanawake wa Tanzania waliliita gazeti lao Sauti ya Siti. Na mwaka wa 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu yake ya kwanza akaipa jina la Siti of Unguja.

Santuri za zamani ni nzito, tena huvunjika kama sahani. Aliye nayo katika sanduku la bibi yake, iwe Ramisi, Vanga au Gasi, asiitupe kwa kuwa hana gramafoni ya kuichezea. Na aitunze, awaonyeshe wanawe, na awaambie aliyeimba humo alikuwa nani na aliitwaje kabla hajaitwa Siti.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.