Samuel Wanjiru: Kijana wa Nyahururu aliyelishinda joto la Beijing

WANARIADHA wa marathoni walipojipanga katika Uwanja wa Tiananmen jijini Beijing asubuhi ya Agosti 24, 2008, wengi wa wajuzi wa mchezo huo walikuwa wamekwisha kuyakadiria matokeo. Zingekuwa mbio za kujihadhari. Saa moja u nusu ilipogonga, joto lilikuwa nyuzi 24 hivi na jua lilikuwa likipanda katika anga isiyo na wingu. Ilidhaniwa kwamba wakimbiaji wangekwenda kwa kundi, taratibu, hadi kilomita ya 30 au zaidi, kisha yule aliyebakiwa na nguvu ajaribu bahati yake. Hivyo ndivyo marathoni za Olimpiki, ambazo aghalabu huangukia majira ya joto kali, zilivyozoea kukimbiwa.

Samuel Kamau Wanjiru, kijana wa miaka 21 kutoka Nyahururu, hakuwa na subira hiyo. Kilomita 5 za kwanza zilimalizwa kwa dakika 14 na sekunde 52, mwendo ambao hata katika baridi ya London ungehesabiwa kuwa wa haraka. Nusu ya safari ilipitwa kwa saa 1:02:34. Mabingwa walioogopa kasi hiyo waliachwa nyuma mmoja baada ya mwingine, na walioifuata waliilipia baadaye.

Ili kuuelewa uzito wa jambo alilolifanya asubuhi hiyo, yafaa kwanza kutazama alikotoka.

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu hupanda kupitia Subukia. Nakuru yenyewe imo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Nyahururu, mji ambao wakoloni waliuita Thomson's Falls kwa ajili ya maporomoko yake, uko karibu mita 2,300. Ikweta hupita hapo, lakini asubuhi zake ni za makoti. Hapo ndipo Wanjiru alipozaliwa Novemba 10, 1986, akalelewa na mama asiye na mume pamoja na jamaa za mama huyo, katika umaskini ambao haukuwa wa kusimuliwa tu. Karo iliposhindikana, masomo nayo yalikwama. Kilichobaki ni miguu, na alianza kukimbia akiwa mtoto mdogo bado.

Wanasayansi wa michezo walikuwa wamekwisha kuvutiwa na watoto wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Mtafiti mashuhuri Bengt Saltin, mzaliwa wa Uswidi, aliongoza uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995, ukiwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wenzao wa Skandinavia. Tofauti kubwa iliyotarajiwa katika uwezo wa mwili kuvuta oksijeni haikuonekana miongoni mwa mabingwa wa pande hizo mbili. Kilichoonekana ni kwamba Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo ule ule, mithili ya gari linalokwenda mbali kwa mafuta machache. Miongoni mwa wavulana ambao hawakuwa wanariadha, waliozoea kutembea na kukimbia kwenda shule walikuwa na uwezo uliowazidi wavulana wa maisha ya kukaa kwa zaidi ya robo.

Uchunguzi huo na mwingine uliofuata uliwahusu zaidi Wakalenjin, na haikuchukua muda kabla ya watu kuanza kuzungumza juu ya kabila na nasaba kana kwamba jibu limepatikana. Nyahururu haikutoshea vizuri katika maelezo hayo. Mji huo wa mchanganyiko wa watu, wengi wao Wakikuyu, ndio uliomtoa Wanjiru, kama ulivyokuwa umehusishwa kabla yake na John Ngugi, bingwa mara 5 wa dunia wa mbio za nyika na mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 kule Seoul mwaka 1988.

Hata hivyo, Nyahururu haimfundishi mtu joto. Somo hilo Wanjiru alilipata kwingine.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alichukuliwa na kupelekwa Japani kusoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei. Shule za Japani hushindana vikali katika ekiden, mbio za barabarani za kupokezana utepe badala ya vijiti, na kwa miaka kadhaa zimewachukua vijana wa Kenya ili waziongezee nguvu timu zao. Kijana huyo alijifunza lugha ya wenyeji na akaisaidia shule yake kutwaa ubingwa wa taifa. Baada ya kuhitimu mwaka 2005, alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu iliyofunzwa na Koichi Morishita, mshindi wa nishani ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992.

Kyushu ni kisiwa cha kusini, na kiangazi chake ni cha joto zito na la unyevunyevu. Sayansi ya michezo inafahamu vyema kinachotokea kwa mtu anayefanya mazoezi katika hali kama hiyo kwa juma moja au mawili na zaidi. Majimaji ya damu huongezeka. Jasho huanza kutoka mapema, na huwa jingi kuliko awali lakini lenye chumvi kidogo. Mapigo ya moyo hupungua kwa kazi ile ile. Mwili, kwa maneno mengine, hujifunza kujipoza. Wanjiru hakupitia darasa hilo kwa majuma mawili tu bali kwa miaka. Mwenyewe alizoea kusema kwamba Japani ilimpa uvumilivu. Huenda ilimpa pia mishipa ya damu na vinyweleo vilivyojua kazi yao.

Matunda yalianza kuonekana mwaka huo huo wa 2005. Agosti 26 mjini Brussels, katika mbio ambazo Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000, Wanjiru alimaliza wa tatu kwa dakika 26:41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Siku 16 baadaye mjini Rotterdam alikimbia nusu marathoni kwa dakika 59:16 na kuipunguza kwa sekunde moja rekodi ya Paul Tergat. Alikuwa na miaka 18. Haile Gebrselassie alimnyang'anya rekodi hiyo mwanzoni mwa 2006. Wanjiru akairejesha mwaka 2007, na Machi 17 mwaka huo akaishusha hadi dakika 58:33 mjini The Hague. Desemba alijaribu marathoni kwa mara ya kwanza, kule Fukuoka, na akashinda kwa saa 2:06:39. Aprili 2008 alikuwa wa pili London nyuma ya Martin Lel.

Mwaka huo wa 2008 haukuwa mwaka wa kawaida nyumbani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeuchana mkoa wa Bonde la Ufa, Nakuru na Eldoret zikiwamo, na wanariadha hawakusalimika. Lucas Sang, aliyewahi kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki, aliuawa karibu na Eldoret. Timu iliyokwenda Beijing ilitoka katika nchi iliyokuwa ingali ikizika na kuwahifadhi wakimbizi kambini.

Kwa upande wa tiba ya michezo, hofu kuhusu Beijing ilikuwa ya aina mbili: hewa chafu na joto. Gebrselassie, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni na ambaye alisumbuliwa na pumu, alijiondoa katika mbio hizo kwa kuhofia moshi wa jiji hilo, akakimbia mita 10,000 peke yake. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa hewa ya siku yenyewe haikuwa mbaya kama ilivyotabiriwa.

Joto ndilo lililokuwa adui wa kweli. Katika nguvu zote ambazo misuli ya mkimbiaji huzalisha, ni kama robo tu, au pungufu, inayomsukuma mbele. Iliyobaki hugeuka joto ambalo sharti liondolewe. Jasho linapokauka juu ya ngozi ndipo mwili unapopoa. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya maji kwa saa, na damu iliyopungua hugombaniwa na ngozi inayotaka kupozwa na misuli inayotaka oksijeni. Moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Joto la ndani likipita nyuzi 40, akili huweza kuvurugika, mtu akayumba na kuanguka, na viungo vya ndani vikadhurika. Mreno Francisco Lázaro alizimia katika marathoni ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 akafariki siku iliyofuata. Oktoba 2007, miezi kumi kabla ya Beijing, waandaaji wa Chicago Marathon walilazimika kuzisimamisha mbio kwa sababu ya joto wakati maelfu wakiwa bado barabarani.

Mwaka huo huo wa 2007, watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa matokeo ya miaka mingi ya marathoni kadhaa kubwa. Walionyesha kwamba kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 5 hadi 25, ndivyo muda wa wakimbiaji wa kila daraja unavyozidi kuharibika, ingawa walio mbele huathirika kidogo kuliko wa nyuma. Wanjiru alikuwa na jambo jingine upande wake: umbo. Mtu mdogo na mwembamba huzalisha joto kidogo kwa mwendo ule ule, na ngozi yake ni kubwa akilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupoa upesi. Faida hiyo haionekani sana siku ya baridi. Siku ya jua huamua.

Na iliamua. Deriba Merga wa Ethiopia, aliyekuwa amekaa na viongozi kwa muda mrefu, aliishiwa nguvu kabisa na kupitwa na mwananchi mwenzake Tsegay Kebede mbio zikikaribia kwisha. Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili, ndiye aliyedumu na Mkenya huyo kwa muda mrefu zaidi, kisha naye akaachwa. Kufikia wakati huo joto lilikuwa likikaribia nyuzi 30. Wanjiru aliingia katika uwanja wa Kiota cha Ndege peke yake na kumaliza kwa saa 2:06:32. Gharib alifika kwa 2:07:16, na Kebede, aliyepata shaba, kwa 2:10:00. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes, ambayo ilikuwa imesimama tangu Los Angeles 1984, ilipunguzwa kwa karibu dakika tatu.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Douglas Wakiihuri alikuwa amepata fedha mwaka 1988. Erick Wainaina shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000. Catherine Ndereba fedha mwaka 2004, na tena juma moja tu kabla ya Wanjiru. Si bahati nasibu kwamba Wakiihuri na Wainaina nao walikuwa wamepikwa Japani.

Ushindi zaidi ulifuata: London 2009 kwa saa 2:05:10, Chicago mwaka huo kwa 2:05:41. Kisha mwili ukaanza kudai chake. London 2010 alijiondoa njiani kwa sababu ya goti. Oktoba alikwenda Chicago akiwa ametoka kuugua tumbo, bila maandalizi kamili, na katika kilomita za mwisho akapigana na Kebede kwa kuachana na kufikiana hadi akamshinda kwa saa 2:06:24. Wengi huzihesabu mbio hizo kuwa za kishujaa kuliko za Beijing. Zilimpa pia, kwa mara ya pili mfululizo, dola nusu milioni za mfululizo wa marathoni kuu za dunia.

Fedha hizo zilimfikia kijana ambaye aliondoka nyumbani akiwa mtoto na kurudi akiwa tajiri, baada ya kuuacha utaratibu mkali wa Kijapani uliompangia hata saa za kulala. Kulikuwa na makocha wa kumpimia kasi na madaktari wa kumtazama goti. Wa kumtazama yeye walikuwa haba. Habari za unywaji wa pombe zilienea, na ndoa ikaingia katika misukosuko iliyofika polisi na mahakamani mwishoni mwa 2010. Goti lilimzuia tena kwenda London Aprili 2011. Usiku wa Mei 15, 2011, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafariki. Namna alivyoanguka ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi. Alikuwa na umri wa miaka 24, ambao wakimbiaji wengi wa marathoni huwa hawajaanza hata kuionja.

Muda wake wa Beijing uliendelea kuishi. Stephen Kiprotich wa Uganda alishinda London 2012 kwa saa 2:08:01. Eliud Kipchoge alishinda Rio 2016 kwa 2:08:44, na tena mwaka 2021 kwa 2:08:38. Mbio hizo za 2021 zilihamishiwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, kukwepa joto la Tokyo, baada ya wanawake 28 kati ya 68 kushindwa kumaliza marathoni ya ubingwa wa dunia iliyokimbiwa usiku wa manane huko Doha mwaka 2019.

Agosti 10, 2024, katika njia yenye vilima vikali kati ya Paris na Versailles, Tamirat Tola wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2:06:26, katika zama za viatu vyenye bamba la kaboni ndani ya soli, ambavyo havikuwapo wakati wa Wanjiru. Rekodi ilivunjwa kwa sekunde 6, baada ya miaka 16.