Montgomery Blair, Mkuu wa Posta wa Zama za Lincoln

Marehemu ami yangu alifanya kazi ya mbao hapa Elburgon miaka ya 1980, na mdogo wake alikuwa Dubai. Barua ya Dubai ilifika huku na stempu za huko tu, wala posta yetu haikumdai ami hata senti moja. Sisi tuliona ni jambo la kawaida. Kumbe zamani halikuwa hivyo, na miongoni mwa waliolianzisha ni Bwana Montgomery Blair wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1813 katika jimbo la Kentucky, mtoto wa mhariri wa gazeti mwenye sauti kubwa katika siasa. Alisomea uaskari, akapigana kidogo huko Florida, kisha akaacha bunduki akashika sheria. Akawa meya wa mji wa St. Louis, halafu hakimu. Mwaka 1856 alisimama bila ya malipo mbele ya Mahakama Kuu kumtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa bwana wake alimpeleka kuishi katika nchi isiyoruhusu utumwa. Machi 1857 majaji saba kwa wawili walimnyima haki yake.

Mwaka 1861 Rais Lincoln akampa Blair posta ya nchi nzima, na mwezi mmoja baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Wakati ule mtu wa mjini ama aende mwenyewe posta kuchukua barua yake, ama amlipe mletaji. Kuanzia tarehe 1 Julai 1863 barua zikapelekwa majumbani bure katika miji 49. Mwaka huo huo bei ya barua ya ndani ikawa moja, senti 3, iende karibu au mbali. Mwaka 1864 ikapita sheria ya hawala za posta, askari aliye vitani aweze kupeleka mshahara nyumbani bila ya noti kuibwa njiani. Katika hilo Waingereza walikuwa wametangulia, na neno hawala lenyewe, kama mjuavyo, limo katika vitabu vyetu vya fiqhi tangu zama na zama.

Lakini kubwa lake lilikuwa la nchi za nje. Kila dola ilikuwa na mkataba wake, mizani yake na bei yake. Barua moja ikipita njia mbili ilikuwa na bei mbili, na kila nchi iliyopitiwa ilikata fungu lake. Mwaka 1862 Blair akazitaka serikali zikutane, na Mei 1863 wajumbe wa nchi 15 wakakaa Paris. Hawakufunga mkataba, walikubaliana kanuni tu. Aliyeifikisha kazi hiyo mwisho ni Mjerumani Heinrich von Stephan, na Oktoba 1874 nchi 22 zikatia saini mjini Bern, ukazaliwa Umoja wa Posta. Kwetu, Wahindi walikwisha kufungua posta Unguja mwaka 1868. Mombasa ilipata stempu zake mwaka 1890, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901, njia ya barua ikapita huku Elburgon.

Blair mwenyewe hakupata raha. Julai 1864 majeshi ya Kusini yaliichoma nyumba yake. Septemba Lincoln akamwomba ajiuzulu ili kuwaridhisha wapinzani wake ndani ya chama, naye akaondoka bila ya kinyongo, akaendelea kumpigia Lincoln kampeni.

Hapa ndipo kalamu yangu inaposita. Mtu huyu aliyemtetea Dred Scott aliamini kwamba watu weusi waliopewa uhuru wahamishwe nje ya Marekani, na vita vilipokwisha alipinga wasipewe haki ya kura. Aliweza kuona kwamba barua ya maskini ina haki sawa na ya tajiri, asiweze kuliona hilo kwa mwenye barua.

Alifariki tarehe 27 Julai 1883 huko Silver Spring, pale pale ilipochomwa nyumba yake.