Matisse: Mzee aliyeweka brashi chini akashika makasi

Kuna siku unakaa mbele ya karatasi na hakuna kitu kinakuja. Unachora mstari, unafuta. Unashika simu, unaona kazi za wenzako, unaitupa kitandani kwa hasira. Mimi nimekaa hivyo karibu mwaka mzima. Katika hali hiyo ndipo nikaanza kusoma maisha ya Henri Matisse, nikidhani nitakutana na mzungu tajiri wa kuchora maua. Kumbe nilikuwa naenda kukutana na mgonjwa wa miaka sabini na kitu, hawezi kusimama muda mrefu, na sakafu ya chumba chake imejaa vipande vya karatasi.

Lakini turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa Desemba 31, 1869, kaskazini mwa Ufaransa, akalelewa Bohain, mji wa wafumaji wa vitambaa. Babake alikuwa na duka la nafaka na mbegu, na alitaka kijana awe mtu wa sheria. Basi kijana akasoma sheria, akapata ukarani kwa wakili, kazi ya kunakili makaratasi kutwa nzima. Alipofika miaka 20 hivi, ugonjwa wa kidole tumbo ukamlaza. Mamake akamnunulia kisanduku cha rangi apoteze nacho muda kitandani. Sheria ilimpoteza mtu hapo hapo. Mwaka wa 1891 aliaga ofisi akaenda Paris kusomea uchoraji, na babake hakufurahi hata kidogo. (Kama uliacha chuo kama mimi, unajua kile kimya cha mezani wakati wa chakula.)

Mambo hayakunyooka haraka. Alifeli mtihani wa kuingia chuo kikuu cha sanaa. Alipooa, mkewe Amélie alifungua duka la kofia ili nyumba ipate riziki. Mwaka wa 1905 alionyesha picha ya huyo mkewe akiwa na kofia, uso umepakwa kijani na rangi zingine ambazo hakuna uso huwa nazo. Watu walicheka. Yeye na marafiki zake wakabandikwa jina la wanyama wa mwituni. Jina likashika, na picha zikaanza kununuliwa.

Sasa, huyu jamaa alikuwa na tatizo moja lililomsumbua miaka mingi. Mstari na rangi havikuwa vinasikizana. Ukichora kwanza kisha ujaze rangi, rangi inausukuma mstari, unaharibika. Ukianza na rangi, mstari unakuja umechelewa. Kila mtu aliyewahi kupaka rangi mchoro mzuri wa penseli akauua anajua maumivu haya.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 alikuwa na jina, pesa na nyumba Nice, kando ya bahari, lakini picha zilikuwa hazimtoki. Mwaka wa 1930 akapanda meli hadi Tahiti. Ungedhani atarudi na turubai mia moja. Alirudi na karibu mikono mitupu. Mwaka huo huo tajiri mmoja wa Marekani, Albert Barnes, akampa kazi ya kuchora ukuta mkubwa, watu wakicheza densi. Kufuta na kupaka upya eneo lote hilo kila akibadilisha wazo kungemmaliza. Kwa hivyo akawa anabandika karatasi zilizopakwa rangi, anazisogeza kwa pini mpaka mwili ukae vizuri. Halafu ikagunduliwa kwamba vipimo vya ukuta vilikuwa vimekosewa, akaanza upya! Wakati huo karatasi zilikuwa msaada wa fundi tu. Hakuna aliyeziita sanaa, hata yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1939 Amélie aliondoka. Vita vikaanza. Januari 1941, akiwa na miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mjini Lyon. Watu hawakutarajia apone. Alipona, ila misuli ya tumbo iliharibika. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kitanda na kiti cha magurudumu, na kusimama mbele ya turubai kwa saa nyingi kukawa jambo la zamani.

Ndipo zile karatasi zikarudi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wasaidizi wake walipaka karatasi nyeupe rangi nzito ya maji iitwayo guashi, rangi moja kila karatasi, wakaziacha zikauke. Mzee alichukua makasi makubwa akakata moja kwa moja, bila kuchora kwanza. Kisha msaidizi alipanda ngazi na kushikilia kipande ukutani kwa pini, huku mzee akielekeza kutoka kitini: juu kidogo, geuza, toa. Angalia kilichotokea hapo. Makasi yakipita, ukingo wa rangi ndio huo huo mstari. Ule ugomvi wa miaka hamsini ukaisha, kwa kifaa ambacho kiko kwa kila fundi wa nguo.

Na nguo si mfano wa bure. Matisse alikusanya vitambaa maisha yake yote. Ukutani alitundika vile vya Wakuba wa Congo, vya nyuzi za mwale, ambavyo vingine hutengenezwa kwa kukata maumbo na kuyashonea juu ya kitambaa kingine. Aliviangalia kila siku. Majina ya mafundi waliovitengeneza hayajulikani ukutani pale, na hilo linaniudhi kila nikilifikiria.

Mwaka wa 1943 alianza kukata picha za kitabu kilichokuja kuitwa Jazz. Humo kuna watu wa sarakasi, mrusha visu, na Icarus, mwili mweusi unaoanguka kati ya nyota za manjano, na doa jekundu pale kifuani. Ukitazama haraka utadhani ni furaha tupu. Lakini Aprili 1944 Gestapo waliwakamata Amélie na Marguerite, binti wa Matisse, waliokuwa wakisaidia upinzani dhidi ya Wajerumani. Amélie alifungwa miezi sita. Marguerite aliteswa, akawekwa kwenye treni ya kuelekea kambi ya Ravensbrück, akaponea njiani. Mzee yuko kusini, anakata karatasi za rangi. Kuna wanaomlaumu kwa hilo. Mimi sijui ningemwambia mgonjwa wa miaka 74 afanye nini. Lakini lile doa jekundu silioni tena kama pambo.

Jazz ilitoka 1947 na ikapendwa. Yeye hakuridhika. Kwa macho yake, kuchapisha kuliua uhai wa karatasi yenyewe, kwa hivyo akaanza kukata vikubwa zaidi. Ile Tahiti ya 1930 nayo ikatokea, miaka kumi na sita baadaye, samaki na ndege na mwani wakijaa ukuta wa nyumba yake Paris. Alikata hata miundo ya vioo vya rangi vya kanisa dogo la Vence, lililofunguliwa 1951, siku ambayo alikuwa mgonjwa sana hata kuhudhuria.

Ninayoipenda zaidi ni ya kiangazi cha 1952. Alitaka kuona watu wakipiga mbizi, akapelekwa kwenye bwawa la kuogelea Cannes. Jua likamshinda, akarudi nyumbani. Akaamua kujitengenezea bwawa lake: ukanda wa karatasi nyeupe kuzunguka chumba cha kulia, na miili ya buluu ikiruka ndani na nje ya maji. Miaka 82, hawezi kuogelea, anakula chakula cha jioni ndani ya bwawa!

Wengine waliona ni mchezo wa mzee aliyerudia utoto. Na kusema kweli, mwaka wa 1961 jumba la MoMA, New York, lilitundika moja ya karatasi hizo, ya mashua na kivuli chake majini, juu chini kwa siku 47 kabla ya mgeni mmoja kulalamika.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa dirisha la duara la kanisa moja jimbo la New York. Alimaliza kupanga vipande vyake siku chache tu kabla ya moyo kusimama, Novemba 3, 1954, huko Nice.