Remmy Ongala: Sauti ya mnyonge iliyovuka mipaka

Kwa mkazi wa Gisenyi anayezungumza Kiswahili, mpaka ni jambo la kila siku. Hatua chache zinamfikisha Goma, na huko lugha aliyotoka nayo nyumbani inaendelea kumhudumia sokoni, barabarani na msikitini. Kiswahili hicho cha maeneo ya Ziwa Kivu kinaenea magharibi hadi Maniema, na huko ndiko alikozaliwa Remmy Ongala, Mkongomani aliyekuja kuwa mmoja wa wanamuziki waliopendwa zaidi nchini Tanzania.

Albamu yake ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, ilimpeleka kutoka kumbi za dansi za Dar es Salaam hadi kwa wasikilizaji wa Ulaya, wengi wao wasioelewa neno hata moja la Kiswahili.

Kutoka Kindu hadi Dar es Salaam

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, kando ya mto Lualaba, wakati Kongo ingali chini ya utawala wa Wabelgiji. Inasimuliwa kwamba alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele, na kwamba mama yake, aliyekwisha kupoteza watoto kabla yake, aliagizwa na mganga asimnyoe nywele. Nywele hizo ndefu zikawa baadaye sehemu ya sura yake jukwaani.

Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, na muziki ukawa riziki yake. Baada ya kuzipitia bendi kadhaa nchini Kongo na Uganda, aliwasili Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Bendi hiyo ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy aligeukia Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha Tanzania na ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila.

Siku hizo bendi ya Tanzania ilijulikana kwa njia mbili: kurekodi katika studio za Radio Tanzania na kupiga dansi ukumbini usiku baada ya usiku. Redio ilimfikisha msanii kila kijiji, lakini fedha alizozipata zilikuwa kidogo. Msikilizaji naye hakufuata mdundo peke yake. Alitaka kusikia kisa, onyo na ushauri. Remmy aliimba kuhusu kifo, umaskini na maisha ya mtu wa chini, na muziki wake akauita ubongo, kwa kuwa ulimtaka msikilizaji afikiri huku akicheza.

Albamu iliyokuwa daraja

Mwaka 1988 Remmy na wenzake walialikwa Ulaya na WOMAD, tamasha ambalo mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka uliofuata, kampuni mpya ya Gabriel, Real World, iliitoa Songs for the Poor Man miongoni mwa albamu zake za mwanzo kabisa.

Swali lililomkabili Remmy lilikuwa zito. Mwimbaji ambaye nguvu yake imo katika maneno anabaki na nini mbele ya hadhira isiyoyaelewa? Angeweza kubadili lugha mara moja, lakini aliiacha albamu ikae katika Kiswahili. Wimbo wa Kipenda Roho ulichukua jina lake katika methali ya kipenda roho kula nyama mbichi. Muziki Asili Yake Wapi uliuliza tangu kichwa chake chimbuko la muziki wenyewe. Gitaa za Super Matimila, zilizosukwa kwa mtindo wa Kongo, zilimvuta mgeni kwa sauti, huku mwenye lugha akiendelea kupata ujumbe wake kamili.

Albamu iliyofuata, Mambo ya mwaka 1992, ilipiga hatua zaidi, kwani humo Remmy aliimba pia kwa Kiingereza. Ndiyo maana ile ya 1989 inasimama katikati: tayari ilikuwa imevuka bahari, lakini ilikuwa bado inazungumza na watu wa nyumbani.

Mnyonge si maskini tu

Kichwa cha albamu kinamtaja mtu maskini, lakini ndani yake umo wimbo uitwao Sauti ya Mnyonge, na maneno hayo mawili hayalingani. Maskini amekosa mali. Mnyonge amekosa nguvu ya kudai kilicho chake, na Waswahili husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tofauti hiyo haikuvuka bahari pamoja na santuri. Ilibaki kwa wenye lugha, na wao ndio waliompa Remmy heshima ya kuitwa msemaji wao.

Msemaji huyo hakuogopa kuudhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiua watu huku wengi wakiona haya kuutaja, alitoa Mambo kwa Soksi, wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu. Radio Tanzania haikuupiga. Wananchi waliusikiliza kwenye kanda.

Miaka ya mwisho

Baada ya kupatwa na kiharusi, Remmy aliacha dansi, akaokoka na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, hatua iliyowagusa kwa namna ya pekee wale waliokuwa wakikizungumza miaka yote kama lugha ya wachache. Kwao, maisha ya Remmy yana ushahidi wa aina yake. Mtoto yatima wa Kindu aliingia nchi ya ugenini akiwa na gitaa na Kiswahili cha Kongo, na nchi hiyo ikamfanya wake. Hadi leo, abiria wa daladala jijini Dar es Salaam anayeshuka karibu na ilipokuwa nyumba yake, mtaa wa Sinza, humwambia kondakta kwamba anashuka kwa Remmy.