Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Sisi tukaao Tororo na Busia twaujua mpaka. Mpaka wetu hauna umri mkubwa, kwa maana hadi mwaka wa 1902 nchi iliyo mashariki ya Busia, hata Kisumu na kupita, ilikuwa ndani ya Uganda. Ndipo ikatiwa upande wa Kenya. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso kadhalika, na sokoni mtu husikia lugha tano kabla hajanunua samaki. Lakini penye lugha nyingi pana na dhihaka nyingi. Muhula uliopita mimi, niliye kiranja, nilimwiga mbele ya wenzake kijana mgeni asiyeweza kutamka Kiswahili sawasawa. Walicheka sana. Yeye hakujibu neno, wala hanisalimu tena. Kwa hiyo nilipoombwa kuandika habari za mtu mashuhuri, nilimchagua Apolo Kivebulaya, aliyefanya kazi kwenye mpaka mwingine, huko magharibi, kati ya Uganda na Kongo.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka wa 1864. Kwanza alikuwa Mwislamu, kisha akawa Mkristo, akabatizwa mwaka wa 1895. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitokacho Ulaya, kwa ajili ya nguo ya Kizungu aliyokuwa akiivaa.

Mwaka wa 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, kuwa mwalimu. Alipofundisha kwamba ulevi na kuoa wake wengi si njia ya Mkristo, chifu Tabaro alikasirika mno. Akawakataza watu kumpa chakula, tena akaamuru apigwe. Halafu dada yake chifu akafa kwa ajali ya mkuki, na Apolo akashtakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Akapelekwa Toro, akafungwa minyororo gerezani. Alipofunguliwa, alirudi kule kule Mboga!

Hapo nilikaa nikafikiri. Wengi wetu hudhani kwamba maneno ya upole ni kumwitikia mkubwa kila asemalo. Apolo hakumwitikia Tabaro, na mafundisho yake juu ya pombe yalikuwa yale yale. Lakini hakurudi kudai fidia wala kumwaibisha mtu. Alirudi kufundisha kusoma. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo. Mtume mwenye jina hilo, naye akiwa kifungoni, aliwaagiza Wakolosai kusema na watu wa nje kwa neema na busara, akataja chumvi. Hakutaja sukari. Nadhani Apolo aliielewa tofauti hiyo kuliko mimi.

Baadaye serikali za Ulaya ziliigawa nchi, na Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Apolo, aliyekuwa amekwisha kuwa kasisi tangu mwaka wa 1903, alikuwa na kazi nzuri Toro na angeweza kukaa huko. Mwaka wa 1915 akavuka tena.

Tangu mwaka wa 1921 aliingia katika msitu mkubwa kuwahubiri Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda, ambao majirani waliwadharau. Hakuwangoja wajifunze lugha yake. Alijifunza yao, neno kwa neno, akaitafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Fikirini, mzee wa karibu miaka 60, kasisi anayeheshimiwa, ameketi chini akiwauliza wawindaji jina la kila kitu, na bila shaka wakimcheka alipokosea. Mimi sijui hata salamu moja ya lugha ya yule kijana.

Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni. Hakuoa, wala hakuweka mali. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa chake kikielekea mashariki, lakini yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha.