Thomas Edison na Betri ya Gari

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Mwanafunzi, bila shaka umekwisha kulisikia jina la Thomas Alva Edison kwa sababu ya taa ya umeme. Wasifu huu unahusu kazi yake nyingine isiyotajwa sana. Kwa takribani miaka 10 mtu huyu alitafuta betri mpya ya kuiondoa sokoni betri ya risasi, ile ambayo hadi leo imefungwa ndani ya daladala unayopanda Magomeni. Unaposoma, jiulize kwa nini mvumbuzi mkubwa kama yeye hakuiondoa.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 7. Alikaa shuleni kwa muda mfupi tu, na mama yake, Nancy, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, akamfundisha nyumbani. Alipofikisha miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda Detroit. Usikivu wake ulikuwa hafifu tangu ujana, lakini hilo halikumzuia kujifunza kazi ya kupeleka na kupokea simu za maandishi. Mwaka 1876 alifungua maabara huko Menlo Park, New Jersey. Mwaka 1877 aliunda mashine ya kunasa na kutoa sauti, na mwaka 1879 akatengeneza taa ya umeme iliyodumu kwa saa nyingi. Mwaka 1882 alifungua kituo cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl, New York.

Wakati huo betri ya risasi ilikuwa tayari ipo. Ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Mwaka 1900 magari ya umeme yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa mengi kuliko ya petroli, na mengi yaliendeshwa kwa betri hiyo. Hata hivyo, ilikuwa nzito, asidi yake ilikula vyuma, na ilichakaa mapema. Edison aliamini kwamba gari la umeme likipata betri nyepesi na imara, litashinda magari mengine yote.

Alianza utafiti huo mwaka 1899. Badala ya risasi alichagua nikeli na chuma, na badala ya asidi alitumia besi, yaani haidroksidi ya potasi. Yeye na wasaidizi wake walifanya majaribio kwa maelfu. Mwaka 1901 alianzisha kampuni ya betri, na mwaka 1903 betri zake zikaingia sokoni. Furaha haikudumu. Makopo ya betri yalivuja na nguvu yake ikapungua upesi. Mwaka 1904 Edison alisimamisha uzalishaji na kurudi maabara.

Ilimchukua miaka 5 kurekebisha kasoro hizo. Alipanga tabaka nyembamba za nikeli ndani ya mirija ya chuma, na katika kimiminika cha betri akaongeza haidroksidi ya lithiamu kidogo. Betri mpya ilitoka mwaka 1909. Hii ilikuwa imara kwelikweli. Ilistahimili mitikisiko, kuchajiwa kupita kiasi, na hata kuachwa muda mrefu bila chaji. Nyingine zilifanya kazi kwa miongo kadhaa.

Lakini angalia kilichotokea sokoni wakati yeye akiwa maabara. Mwaka 1908 Henry Ford, aliyekuja kuwa rafiki mkubwa wa Edison, alitoa gari la petroli la Model T, na bei yake ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Gari la petroli la siku hizo liliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na hendeli ikirudi kwa nguvu iliweza kumvunja mtu mkono. Magari ya mwaka 1912 ya kampuni ya Cadillac yaliondoa adha hiyo kwa kuwekewa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kuanzia hapo betri ilipewa kazi mpya, nayo ni kuizungusha injini kwa sekunde chache.

Hapo ndipo betri ya Edison ilipokwama. Fikiria matangi mawili ya maji. Moja ni imara na halipasuki, lakini koki yake ni nyembamba. Jingine huchakaa mapema, lakini koki yake ni pana. Ukitaka kujaza ndoo kwa sekunde 5, utalikimbilia la pili. Betri ya nikeli na chuma ina ukinzani mkubwa wa ndani, kwa hiyo haitoi mkondo mkubwa wa umeme kwa ghafla, na hali huwa mbaya zaidi kwenye baridi. Pia kila seli yake hutoa volti 1.2 hivi, wakati seli ya risasi hutoa volti 2. Kupata volti 12 unahitaji seli 6 za risasi, lakini 10 za Edison. Tena bei yake ilikuwa juu.

Mwaka 1914 ilitangazwa kwamba Ford na Edison wangetoa gari la umeme la bei nafuu. Gari hilo halikuuzwa kamwe. Betri ya Edison, hata hivyo, haikutupwa. Ilipata kazi inayoifaa katika taa za wachimba migodi, mabehewa ya reli na magari ya kusambazia mizigo mjini. Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na umri wa miaka 84.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Betri za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, zimekwisha kuvuka kikwazo kilichomshinda Edison. Ni nyepesi, hudumu, na zinaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuzungusha stata. Kwenye simu yako na kwenye pikipiki za umeme zimekwisha kushinda. Kwenye gari la petroli bado zina mtihani. Bei yake ni kubwa, zinahitaji kifaa cha kielektroniki cha kuzilinda, na mfumo wa kuchaji wa gari lazima uendane nazo. Betri ya risasi unaipata katika maduka mengi ya vipuri ya Kariakoo, fundi yeyote anaijua, na ikifa mnunuzi wa chakavu anaichukua. Ndiyo maana hata magari mengi ya umeme yanayoendeshwa kwa lithiamu bado yana betri ndogo ya risasi ya volti 12.

Usidhani basi kwamba risasi haina gharama. Risasi ni sumu, na huathiri zaidi ubongo wa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu jirani na makazi yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Gharama ya namna hiyo haiandikwi kwenye bei ya dukani, lakini kuna mtu anayeilipa.

Kwa hiyo, je, betri mpya inaweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani? Inaweza, lakini ubora wake peke yake hautoshi. Ni lazima ifanye kazi ileile inayohitajika, kwa bei ambayo mwenye gari anaimudu, na pawepo mahali salama pa kuipeleka ikifa. Edison alitengeneza betri bora kwa ajili ya gari la umeme, lakini gari lililoshinda lilikuwa la petroli.

Maswali

1. Taja kasoro 3 za betri ya risasi zilizomfanya Edison atafute betri nyingine.
2. Kwa nini stata ya umeme iliisaidia betri ya risasi kubaki sokoni?
3. Eleza mfano wa matangi mawili ya maji kwa maneno yako mwenyewe.
4. Fupisha aya mbili zinazoanza na "Sasa tuje" na "Usidhani" kwa maneno yasiyozidi 60.
5. Mjomba wako ana teksi Magomeni na anataka kununua betri mpya. Mwandikie barua ya kumshauri, ukitoa hoja 3.