Satoru Iwata, mtu wa michezo migumu aliyeuza mashine ya mabibi

Satoru Iwata, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Nintendo nchini Japani, aliaga dunia tarehe 11 mwezi wa saba 2015, akiwa na miaka 55. Wii, mashine ya michezo ya video iliyotoka wakati wake, iliuzwa zaidi ya milioni 100. Vijana wengi waliidharau, wakiiona kuwa ya mabibi na watoto.

Dharau hiyo haikumfaa. Mzaliwa wa Sapporo, mwaka wa 1959, alianza kuandika michezo kwenye kalkuleta akiwa sekondari. Mwaka wa 1993 alikabidhiwa HAL Laboratory, kampuni iliyolemewa na madeni, akaiokoa. Hata akiwa mkubwa Nintendo, mwaka wa 2001, alitumia wiki tatu kusahihisha mwenyewe makosa ya programu ya Super Smash Bros. Melee.

Wii ilitoka mwezi wa kumi na moja 2006. Familia zilipunga telekomande yake na kucheza tenisi sebuleni, huku waliozoea kukesha na michezo migumu wakijiona wametupwa. Lakini Metroid Prime 3 ilikuja 2007, Brawl 2008, kisha Xenoblade Chronicles, safari ya makumi ya saa. Wachezaji wa Marekani waliipata 2012 tu, baada ya kuiomba kwa kampeni. Hapo Nintendo haikwepi lawama.

Wii U, iliyofuata, haikupata wanunuzi wengi. Mwaka wa 2014 Iwata alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano.